Pembetatu ikigeuzwa, watoto wa awali wanakataa kuwa ni pembetatu. Nifanyeje?

MwalimuWaKilwa

Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha darasa la awali wilayani Kilwa. Watoto wengi wana miaka mitano, wengine hawajaitimiza. Darasa limejaa na wanakaa mkekani. Zana ya maumbo niliyoikuta ni moja tu: chati ya ukutani yenye duara, mraba, mstatili na pembetatu, kila umbo na rangi yake. Pembetatu ni nyekundu, imekaa kitako, kichwa juu.

Kuimba wanaimba. Nikigusa chati kwa fimbo wanaitikia kwa pamoja, "Duaraaa! Mrabaaa!" Mgeni akiingia atasema darasa limeiva. Juzi nikakata pembetatu ya boksi, nikaishika kichwa chini, nikauliza hii ni nini. Kimya. Binti mmoja wa mbele, mwerevu sana, akanyanyuka, akaichukua mkononi mwangu, akaigeuza na kunirudishia. "Sasa ndiyo pembetatu, mwalimu. Ulivyoishika ilikuwa imeharibika." Nikatoa nyingine, ndefu na nyembamba. Wakasema huo ni mkuki. Halafu mmoja akamalizia kwamba zote si pembetatu kwa sababu pembetatu ni nyekundu.

Nataka washike, waache kuitikia ukuta. Hela ya kununua zana hakuna, ila maboksi napata dukani, chelewa zimejaa, visoda vipo, na udongo wa mfinyanzi hauko mbali. Mkasi ninao mmoja. Nianzie wapi? Na majina nianze kuyataja lini, mwanzo au baada ya kuwachezesha?

---

Bi Mwalimu (Tanga)

Mwanangu, huyo binti amekujibu sawasawa kwa kile alichofundishwa. Ameonyeshwa pembetatu moja, nyekundu, imekaa kitako, na akaambiwa hii ndiyo. Kwake yeye kukaa kitako ni sehemu ya upembetatu, na wekundu vilevile. Mtoto wa umri huo hulitambua umbo kwa sura yake nzima, hajaanza kuhesabu pande wala kona. Waholanzi wawili, mume na mke, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, walilieleza vizuri jambo hili katika tasnifu zao za mwaka 1957 kule Utrecht: mtu huanza kwa kutambua sura, ndipo baadaye aanze kuona sifa zinazolifanya umbo liwe lilivyo. Sisi walimu wa awali tunamkuta mtoto kwenye ile hatua ya kwanza, na kazi yetu ni kumpa sura nyingi, tena mkononi.

Kwa hiyo ishushe chati. Usiichane, iviringishe uiweke kabatini, itarudi baadaye.

Kata maboksi. Pembetatu zako ziwe nene, nyembamba, fupi, ndefu, yenye kona ya mraba, iliyoinamia upande, ndogo ya kuenea kiganjani na kubwa ya kushika kwa mikono miwili. Usizipake rangi hata moja. Zote zibaki na ukahawia wao wa boksi, na maduara na miraba hali kadhalika, ili rangi isimsaidie mtoto wala isimpoteze. Boksi moja ni laini na kona zake hulegea upesi, basi bandika tabaka mbili au tatu kwa uji mzito wa unga wa ngano, ile mistari ya ndani ya boksi ipishane, halafu uweke tofali juu mpaka zikauke. Ukingo ukiwa mnene kidole kinapata pa kupita. Hilo usilipuuze, maana somo zima liko pale ukingoni.

Sasa kaa chini mkekani na watoto wachache, watano au sita. Wengine wape visoda na udongo, wajenge wanachotaka. Mshike mtoto vidole viwili vya mkono anaoandikia, cha shahada na cha kati, uviweke juu ya ukingo wa umbo. "Tembea. Ukifika kwenye kona, simama." Vidole vinatembea, vinafika kwenye ncha, vinasimama. Vinakata kona, vinatembea tena. Mwache azunguke mpaka arudi alipoanzia. Duara halina pa kusimama, na utaona wenyewe wanacheka kwa sababu kidole kinazunguka hakifiki. Wakishazoea, wafumbe macho. Hapo mpe ule mkuki wao, kisha ile nene iliyokaa kitako, moja baada ya nyingine, umuulize amesimama mara ngapi. Mtoto aliyefumba macho hajui kama umbo liko kichwa chini. Ule uharibifu aliouona binti yako unatoweka bila wewe kubishana naye.

Kuhusu majina: yaje wakati mkono umeshalijua umbo, lakini usiyacheleweshe mno. Mtoto aliyetembea ukingoni anataka kujua kitu alichoshika kinaitwaje. Fuata hatua tatu ambazo Maria Montessori, daktari wa Italia aliyeanzisha njia ya kuwafundisha watoto wadogo, alizichukua kwa Édouard Séguin, daktari Mfaransa aliyekuwa akiwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili. Chukua maumbo mawili yanayotofautiana sana, duara na pembetatu. Usianze na mraba na mstatili, utawachanganya. Kwanza unataja: "Hii ni pembetatu. Hili ni duara." Basi, maneno yasizidi hapo. Usianze kueleza kwamba ina pande, ina kona, inafanana na paa la nyumba. Hatua ya pili ndiyo ya kukaa sana, na walimu wengi wanairuka: "Nipe pembetatu. Weka duara kichwani. Ficha pembetatu chini ya mkeka. Mpelekee mwenzako duara." Hapa jina unalitaja wewe, yeye kazi yake ni kulisikia na kulitafuta. Rudia mpaka mkono wake hausiti. Hatua ya tatu ndipo unapouliza, "Hili ni nini?" Akikosa usiseme "hapana", wala darasa lisicheke. Yarudishe maumbo kapuni, kesho uanze naye tena hatua ya pili.

Ile "Hii ni nini?" uliyowauliza kwa chati ni hatua ya tatu. Wamefikishwa huko bila kupitishwa kwenye ya pili.

Na mtu asikwambie kwamba haya ni mambo ya shule za kitajiri zenye rafu za mbao zilizopakwa vanishi. Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa mafukara, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini na wao wakabaki kuzurura kwenye ngazi. Watoto wako wa mkekani ndio hasa waliofikiriwa.

---

FundiMbao (Morogoro)

Mimi si mwalimu, ni seremala. Mwanangu yuko awali na mwalimu wake aliniomba maumbo, kwa hiyo naongezea ya upande wangu.

Mwalimu, pita kwa fundi yeyote wa makabati hapo ulipo, umwombe mabaki ya plaiwudi. Kila karakana inayo kwenye kona, na mengi huishia kuwashia moto. Yenye unene wa mm 6 inatosha. Ukitaka pembetatu za haraka, mwambie achukue kipande kirefu chenye upana wa sm 10, apige msumeno kwa mshazari, mara kulia mara kushoto, kila pitio linatoa pembetatu na hakuna kinachopotea. Abadilishe mwinamo njiani ndipo upate za sura mbalimbali kama Bi Mwalimu alivyosema. Akiachwa afuate mazoea yake atakukatia zote sawa.

Msasa ni lazima, watoto wasichomwe na vibanzi. Ila mwangalie fundi asizungushe kona. Fundi hupenda kuona kona zote zimelainika, na pembetatu iliyolainishwa sana mtoto akifumba macho hasikii pa kusimama. Ipigwe msasa kwenye uso na kwenye ukingo, na ile ncha iguswe kidogo tu isikwaruze.

Jambo la pili. Chonga vipande vinne vya mbao vya sm 20, toboa miisho, funga kwa boliti na nati, usikaze sana. Una mraba. Usukume kwa kona: unalala. Pande ni zilezile nne, urefu uleule, lakini mraba haupo tena. Sasa fanya hivyohivyo kwa vipande vitatu. Sukuma unavyotaka, pembetatu haiendi popote. Ndiyo maana kenchi zote za paa zimejaa pembetatu, na mlango wa mbao ukianza kulegea tunaupiga kipande cha mshazari kwa nyuma. Mwanangu alikaa na ule mraba wa boliti jioni nzima akiulaza na kuusimamisha.

---

Mwalimu wa PP2 (Likoni)

Salamu kutoka Mombasa, nafundisha PP2, yaani mwaka wa pili wa awali huku Kenya. Bi Mwalimu, shikamoo. Somo la vidole nimelipenda na kesho nalijaribu.

Mimi naleta tatizo la jirani. Watoto wangu mpira wanauita duara, na boksi wanaliita mraba. Vitabu vingine ndivyo vinavyowachora hivyo: picha ya mpira, chini yake limeandikwa duara. Dawa niliyoipata ni kupiga mihuri. Nakoroga majivu na maji kidogo yawe mazito, namwaga kwenye sinia, natandaza gazeti sakafuni. Kopo la maziwa tunalichovya kitako, tunaligonga: linatoka duara. Tunalilaza, tunalibiringisha: linatoka mstatili mrefu. Watoto hawaamini, kopo ni hilohilo. Boksi la kiberiti ndilo wanalolipenda zaidi maana linatoa mistatili ya aina tatu, ukiligonga kwa tumbo, kwa ubavu na kwa kichwa. Karatasi ya kuuzia karanga, ile iliyosokotwa, nikiibandika kifuniko cha boksi mdomoni inapiga duara, lakini ncha yake inapiga nukta. Kisha tunachovya mpira. Wote wanangoja duara kubwa, na kinachotoka ni alama ndogo tu pale ulipogusa. Hapo ndipo nawaambia mpira ni tufe, kopo ni mcheduara, karatasi ya karanga ni pia, yaani koni. Wakati huo wanayashika majina hayo bila taabu, maana wameshaona kwamba kitu chenyewe ni kimoja na alama yake ni nyingine.

Swali langu kwa Bi Mwalimu. Mtoto mmoja aliniletea hamri la chai yake ya saa nne akasema, "Mwalimu, pembetatu." Mnajua tunavyokata mahamri, unasukuma chapati ya unga unaikata kwa nne, kila kipande kinakuwa na kona tatu lakini upande mmoja umepinda. Nimwambie ni pembetatu au la? Sambusa nayo?

---

Bi Mwalimu (Tanga)

Marahaba, mwanangu. Habari ya mihuri ya majivu ni nzuri, na kwa walio na bwawa la udongo mwekundu watumie huo.

Hamri hilo ni zawadi. Usimwambie ndiyo wala hapana. Chora mzingo wake kwenye boksi, ukate, na ulitie kwenye kapu la pembetatu. Mpe atembee ukingoni macho yamefumbwa. Atasimama mara tatu, kweli, lakini njia moja kati ya kona na kona itamzungusha kidole. Muulize, "Njia zote zimenyooka?" Mpe na kijiti cha chelewa akilaze juu ya kila upande, aone kinalala wapi na kinakataa wapi. Aamue yeye kama linakaa na pembetatu au linatolewa. Kapu la pembetatu lenye pembetatu tupu halimfundishi mtoto kuchagua. Lazima liwe na wageni: la upande uliopinda, lenye kona moja iliyokatwa, na lile ambalo halikufunga, pande zake mbili hazikutani. Mtoto anayeweza kumtoa mgeni na kusema kwa nini, huyo pembetatu ameijua.

Sambusa uso wake ni pembetatu, sambusa yenyewe ina tumbo. Igonge kwenye majivu, mradi usiile tena.

Fundi, Mungu akubariki kwa habari ya kona. Ni wachache wanaoelewa.

Sasa mwalimu wa Kilwa, umesema una chelewa. Zikate kwa urefu wa aina mbili tu, sm 5 na sm 10, nyingi, zichanganye kwenye kopo. Finyanga vidonge vya udongo vya kukaa kwenye kona. Waambie wachague vijiti vitatu, vyovyote, wafunge nyumba isiyo na upenyo. Wa 10, 10 na 5 atafunga. Wa 5, 5 na 5 atafunga. Wa 5, 5 na 10 hatafunga, vile viwili vifupi vitalala chali juu ya kile kirefu vikikutana katikati, na atakuja kwako kulalamika kwamba vijiti vyake vibovu. Mbadilishie vingine vya urefu uleule, umwache ajaribu tena. Hilo ni jambo la madarasa ya juu sana kwa maelezo, lakini mkono wa mtoto wa miaka mitano unalipata. Kisha wafunge kwa vijiti vinne, walaze na kusimamisha kama fundi alivyosema.

Friedrich Fröbel wa Ujerumani, mwenye chekechea ya kwanza, alitumia njegere zilizolowekwa badala ya udongo: kijiti kinazama kwenye njegere laini, ikikauka inajikaza na kukishika. Huko kwenu mbaazi hazikosekani na kazi hiyo zinaifanya. Lakini mbaazi na pua za watoto wa awali zina urafiki wa hatari. Kwa kundi kubwa baki na udongo, mbaazi uzitoe ukiwa na watoto wanne mbele yako na hesabu yake kichwani.

---

MwalimuWaKilwa

Shikamoo Bi Mwalimu. Nashukuruni nyote. Chati nimeishusha. Maumbo ya boksi nimekata, gundi ya uji imeshika vizuri ila usiku wa kwanza mende walikula ukingo wa mawili, sasa nayafungia kwenye ndoo yenye mfuniko.

Vidole vimefanya kazi. Binti yule aliyeniambia pembetatu imeharibika, nilimpa mkuki macho yamefumbwa. Akatembea polepole sana, akasimama mara tatu, akafumbua macho, akaugeuza huku na huku. Hakusema kitu. Akaenda kuuweka kwenye lundo la pembetatu, halafu akarudi kuchukua ile ya kichwa chini, akaiweka hapohapo bila kuigeuza.

Tatizo jipya. Kijana mmoja tulipokuwa tunapanga malundo, alichukua mraba akauweka kwenye lundo la mistatili. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Kona zake zinasimama hivihivi," akaegemeza kona ya mraba kwenye kona ya mstatili, zikalingana. Mwenzangu wa darasa la kwanza alikuwa amepita akasema mtoto kakosea, nimrekebishe mapema asije akazoea. Mimi sikumrekebisha, nikasema nije niulize. Na la pili: watoto wameulaza mraba wa chelewa wakaniuliza sasa unaitwaje. Niwatajie rombo au ni mapema mno?

---

Bi Mwalimu (Tanga)

Marahaba, mwanangu. Kijana huyo hajakosea, na umefanya vema kunyamaza. Mstatili ni umbo la pande nne lenye kona zote za mraba. Mraba unayo hayo yote, na zaidi ya hapo pande zake zote ni sawa. Kwa hiyo kila mraba ni mstatili. Alichokifanya, kuegemeza kona kwa kona, ndicho kipimo chenyewe. Akirekebishwa leo aambiwe mraba si mstatili kabisa, atakapofika darasani huko juu atalazimika kukifumua alichofunzwa, na mwalimu wa huko atashangaa kwa nini watoto wanang'ang'ania.

Usimhutubie, lakini mwonyeshe. Kata mstatili mrefu wa boksi, uulaze sakafuni. Chukua kipande kingine cha boksi kilichonyooka, kifunike upande mmoja wa ule mstatili. Kisogeze taratibu, kinazidi kuufunika, sehemu inayoonekana inazidi kuwa fupi. Waambie wapige kofi pale wanapouona mraba. Watapiga, wengine mapema, wengine wamechelewa, na hapo kuna ubishi mzuri, maana itabidi wapime kwa kijiti kujua nani yuko sahihi. Endelea kusogeza, mraba unapita, mstatili unarudi ukiwa umelala upande mwingine. Wameona kwa macho yao kwamba mraba uko njiani, ndani ya mistatili. Mwalimu mwenzako mkaribishe naye apige kofi.

Kwenye kupanga malundo, kama mtoto anataka miraba ikae peke yake, ikae. Anayetaka kuichanganya na mistatili, aichanganye. Muulize kila mmoja sababu yake, na sababu ikiwa ni ya kona au ya pande ikubali. Ikiwa ni ya rangi, rudi ukingoni.

Rombo mpe anayeuliza. Wameuliza, basi wamelistahili, na njia ni zilezile hatua tatu: liweke pembeni ya mraba uliosimama kwa kona, maana hapo ndipo watakapochanganya. Mraba ukisimamishwa kwa kona bado ni mraba. Wape kona ya plaiwudi ya kuingiza ndani ya kila moja: kwenye mraba inakaa barabara, kwenye rombo inakwama au inabaki na nafasi. Wasiouliza usiwasukume.

Na vidonge vya kona vifinyange vipya asubuhi ya somo. Udongo wa jana umekauka, ukichomeka chelewa unapasuka.